Namna ya kuipima hatari ya saratani ya mapafu kwa mtu anayevuta vepu

Asubuhi ya mwezi wa Julai pale Uyole, Mbeya, kila anayesubiri daladala hutoa ukungu mdomoni, mzee kwa mtoto, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu ni pumzi yenye joto iliyokutana na baridi ya milima ya Mporoto. Katikati ya watu hao unaweza kumkuta kijana ambaye ukungu wake ni mzito kuliko wa wenzake, hauyeyuki upesi, na unanukia embe mbivu katika msimu ambao embe za Kyela hazijaanza hata kuchanua vizuri. Ukimuuliza, atakuambia ni mvuke tu. Maelekezo haya yameandikwa kwa ajili yake, kwa ajili ya wazazi wake, na kwa ajili ya yeyote wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kujua kwa hesabu, wala si kwa uvumi, vepu, yaani ile sigara ya kielektroniki inayotoa ukungu huo, inamweka wapi kuhusu saratani ya mapafu.

Liweke swali sawasawa kwanza

Watu huuliza, "Vepu inaleta kansa au haileti?" Swali hilo haliwezi kujibiwa mpaka muulizaji aulizwe naye: ukilinganisha na nini, na kwa mapafu ya nani? Binti wa miaka 18 aliyeanza chuo mwaka huu, ambaye hajawahi kushika sigara, hana cha kulinganisha na vepu isipokuwa hewa safi aliyokuwa akiivuta jana yake. Fundi wa magari wa miaka 45, aliyevuta sigara tangu alipokuwa utingo, analinganisha vepu na moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, ambazo takriban 70 kati yake zinajulikana kuwa zinaweza kusababisha saratani. Jibu la mmoja halimfai mwingine, na kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la binti kulichukua jibu la fundi na kulifanya lake.

Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kwamba sigara za kielektroniki zina madhara pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko sigara za kawaida. Tarakimu hiyo ilitokana na makadirio ya jopo la wataalamu, wala haikutokana na kuwafuatilia wavutaji kwa miaka mingi, na wanasayansi wengi waliipinga. Hata hivyo, waliokusudiwa na kauli hiyo walikuwa wavutaji wa sigara waliotafuta njia ya kutoka. Ilipofika kwetu, nusu yake ya pili ilikuwa imeanguka njiani, na kilichobaki ni kwamba vepu haina madhara. Kwa hiyo, kabla ya kusoma aya inayofuata, andika mahali: je, wewe ni yule binti au ni yule fundi? Kama unavuta vyote viwili, sigara mchana na vepu usiku, andika hivyo hivyo bila kujionea aibu, kwa sababu kundi lako ndilo lenye habari mbaya zaidi, na nitalirudia.

Kijue kinachoingia kifuani

Kifaa hiki, ambacho mfamasia wa China aitwaye Hon Lik alikiunda mwaka 2003, kina sehemu chache: betri, koili ya waya, pamba iliyolowa, na kimiminika. Kimiminika hicho kwa kawaida ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, pamoja na nikotini na ladha. Ukivuta, koili hupata moto na kugeuza kimiminika kuwa ukungu wa matone madogo mno, ambayo hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Muuzaji akikuambia kwamba vitu hivyo vinatumika hata kwenye vyakula, hasemi uongo, ila tumbo limeumbwa kupokea chakula na kukichambua, na pafu halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Joto ndilo linalobadilisha mambo. Gliserini na propilini glaikoli zikipashwa sana huvunjika na kutoa fomaldehidi na akrolini, na kadiri koili inavyozidi moto au pamba inavyokauka ndivyo zinavyoongezeka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon na lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehidi mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, ingawa ni haki kusema kwamba ushahidi huo ulihusu zaidi saratani ya sehemu ya nyuma ya pua, na baadaye saratani ya damu, kuliko ya mapafu. Kinachogusa mapafu moja kwa moja ni chuma cha koili yenyewe. Vipimo vya maabara vimekuta nikeli, kromi na risasi ndani ya ukungu wa vepu, na michanganyiko ya nikeli pamoja na aina moja ya kromi inajulikana tangu zamani kuwaletea saratani ya mapafu wafanyakazi wa viwandani waliovuta vumbi na moshi wake. Kiasi kinachopatikana katika vepu hutofautiana sana kati ya kifaa na kifaa, na mara nyingi sumu zake kwa jumla ni chache kuliko za sigara. Chache, lakini haziwi sifuri. Hapo ndipo binti na fundi wanapoachana.

Ladha ya kuungua ni alama ambayo hata asiye na maabara anaweza kuitambua. Ukiisikia, pamba imekauka na koili inachoma, na pumzi inayofuata haifai kuvutwa.

Nikotini yenyewe haijaorodheshwa kuwa kisababishi cha saratani. Kazi yake ni kukufunga, ili ukungu uendelee kuingia mwaka hadi mwaka. Wakulima wa tumbaku wanaifahamu nikotini hata wale ambao hawajawahi kuvuta: anayechuma majani yakiwa na umande, bila glavu wala nguo za mikono mirefu, anaweza kurudi nyumbani na kizunguzungu, kichwa kinachogonga na kutapika, kwa kuwa nikotini imepenya kwenye ngozi. Mtu wa Chunya, kunakolimwa tumbaku, haambiwi kwamba kitu hicho kina nguvu.

Ili ujue unabeba kiasi gani, soma maandishi ya kifaa au ya chupa na utafute namba mbili: ujazo kwa mililita na asilimia ya nikotini. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa 10, utapata miligramu. Kifaa cha mililita 2 chenye asilimia 2, ambacho ndicho kiwango cha juu katika nchi za Umoja wa Ulaya, kina miligramu 40. Kile kikubwa cha mililita 12 chenye asilimia 5 kina miligramu 600. Mvuta sigara huingiza mwilini takriban miligramu 1 hadi 2 kwa sigara moja. Huwezi kugawanya 600 kwa 2 na kusema kwa uhakika kwamba ni sigara 300, kwa kuwa si nikotini yote ya kifaa inayofika kwenye damu, lakini ukiiweka 600 mezani mbele ya mzazi ambaye alidhani mwanawe anachezea kitu chenye harufu ya embe, mazungumzo hubadilika. Na chupa ya kimiminika iwekwe mbali na watoto wadogo kama inavyowekwa dawa ya kuulia wadudu wa mahindi, maana kuinywa kidogo tu kunaweza kuwadhuru vibaya.

Hesabu miaka

Saratani ya mapafu huchukua muda mrefu. Mwenye shamba la paini kule Mufindi anaelewa jambo hili kuliko wengi wetu: hupanda leo akijua kwamba mbao zitakuja baada ya takriban miaka 20, na anayepita shambani mwaka wa tatu akiona miche inayomfika kiunoni hawezi kusema shamba halina mbao. Sigara za viwandani zilienea sana Ulaya na Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa wagonjwa wa London, uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, mwaka 1950, na ripoti rasmi ya mkuu wa afya wa Marekani ilitoka mwaka 1964. Kati ya kupanda na kuvuna ilipita miongo. Vepu zilianza kuuzwa Ulaya na Marekani mnamo 2006 na 2007, na wengi wa wanaozivuta leo walianza miaka michache tu iliyopita. Anayesema "sijamwona hata mmoja aliyekufa kwa vepu" anakagua miche.

Basi tuna nini mkononi? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliwaweka panya 40 kwenye ukungu wa vepu wenye nikotini kwa wiki 54, na 9 kati yao walipata saratani ya mapafu, ilhali miongoni mwa waliopewa ukungu usio na nikotini hakupatikana hata mmoja. Panya si mtu, idadi ilikuwa ndogo, na panya hao walizungukwa na ukungu mwili mzima, lakini ni onyo ambalo daktari makini halipuuzi. Mwaka 2024 watafiti wa Korea Kusini waliwasilisha uchambuzi wa taarifa za watu zaidi ya milioni 4.3: miongoni mwa walioacha sigara, wale waliohamia kwenye vepu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa saratani ya mapafu kuliko wale walioacha bila kuhamia popote. Mwaka huo huo utafiti wa Ohio, Marekani, ulikuta kwamba wanaovuta sigara na vepu pamoja walikuwa na uwezekano wa takriban mara nne wa kukutwa na saratani ya mapafu kuliko wanaovuta sigara peke yake. Inawezekana sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba wanaotumia vyote viwili ndio waliofungwa zaidi na nikotini. Hata hivyo, mimi sijaona utafiti wowote unaompa mvutaji wa vyote viwili sababu ya kujipongeza.

Sasa hesabu yako. Kama umewahi kuvuta sigara, chukua idadi ya sigara kwa siku, gawa kwa 20 kwa kuwa pakiti ina sigara 20, kisha zidisha kwa miaka. Madaktari huiita pakiti-miaka. Huku kwetu wengi hununua sigara moja moja dukani na hujiona si wavutaji, kwa hiyo hesabu kwa uaminifu: sigara 5 kwa siku kwa miaka 20 ni pakiti-miaka 5, sigara 10 kwa miaka 12 ni 6, pakiti nzima kwa miaka 20 ni 20. Nchini Marekani, mtu mwenye umri wa miaka 50 hadi 80 aliyefikisha pakiti-miaka 20, na ambaye bado anavuta au hajatimiza miaka 15 tangu aache, hushauriwa kupimwa mapafu kila mwaka kwa CT (picha ya ndani ya mwili inayopigwa tabaka kwa tabaka) ya mionzi midogo hata kama hajisikii mgonjwa. Kwa vepu hakuna kipimo cha namna hiyo kilichokubaliwa, kwa hiyo andika mambo matatu: mwaka ulioanza, kifaa au chupa hukuchukua siku ngapi kuimaliza, na asilimia ya nikotini. Karatasi hiyo itahitajika mwishoni.

Usiuache moshi mwingine nje ya hesabu

Mapafu hayaulizi moshi umetoka wapi. Aliyekulia kwenye jiko la kuni lisilo na dirisha kule Makete ameanza hesabu kabla hajajua kusoma, na moshi wa kuni wa majumbani umewekwa na lile shirika la Lyon katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Vumbi la mawe yanayosagwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya lina silika, ambayo imethibitishwa kabisa kuleta saratani ya mapafu, na inamwandalia mchimbaji kifua kikuu pia. Moshi wa dizeli ulithibitishwa mwaka 2012, na anayeshinda kati ya malori yaliyopanga foleni Tunduma anaujua kwa pua. Andika yote haya chini ya hesabu ya sigara. Kijana anayepiga mawe mchana na kuvuta vepu jioni hapaswi kujilinganisha na kijana wa mjini anayeonekana kwenye picha za matangazo.

Kuacha, kwa mpangilio

Yule binti aache tu. Hana ngazi ya kushuka, kwa sababu hakuna alikopanda, na miezi michache ya vepu huachika kwa wiki chache za kukosa utulivu. Ubishi unaojitokeza hapa ni kwamba anapunguza kwanza. Kwa uzoefu wangu, anayepunguza asilimia ya nikotini bila tarehe ya mwisho huvuta kwa kina na mara nyingi zaidi, akajikuta amepata nikotini ile ile kwa ukungu mwingi zaidi.

Mvutaji wa vyote viwili aanze na sigara, na aiache yote. Kutoka sigara 10 hadi 4 na vepu juu yake si nusu ya safari, kwa sababu hatari ya saratani ya mapafu hufuata zaidi miaka ya kuvuta kuliko idadi ya siku moja. Achague tarehe, awaambie watu wa nyumbani, atoe viberiti na visahani vya majivu, na siku hiyo ikifika asiguse hata moja. Vepu ifuate baada ya hapo, nayo kwa tarehe.

Fundi wetu ana haki ya kuambiwa ukweli wote. Mapitio makubwa ya majaribio ya kitabibu yameonyesha kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko bandeji za nikotini zinazobandikwa kwenye ngozi na bazoka za nikotini. Lakini bandeji na bazoka zina faida ambayo mapafu huithamini, yaani hazipitii huko, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Aulize kwanza kwenye famasi au zahanati, kisha aamue. Akiamua kupitia vepu, asitumie kamwe chupa ya mafuta ya bangi wala mchanganyiko uliotengenezwa mtaani: mwaka 2019 hadi Februari 2020 watu 2,807 nchini Marekani walilazwa au kufa kwa ugonjwa wa ghafla wa mapafu uliohusishwa na vepu, 68 wakafariki, na kilichokutwa zaidi kilikuwa asetati ya vitamini E iliyotiwa kwenye mafuta ya bangi. Haikuwa saratani, ila haikusubiri miaka 20. Na asihamie kwenye ugoro kwa kuwa mjomba anautumia na hajafa. Tumbaku isiyo na moshi nayo husababisha saratani, hasa ya kinywa.

Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu, na hali hutulia ndani ya wiki tatu au nne. Hamu inapokuja hudumu dakika chache tu, muda wa kutafuna karanga za kifurushi kimoja cha karatasi au kunywa kikombe cha chai ya tangawizi hadi mwisho. Anayeacha sigara akiwa na miaka 30 huepuka karibu hatari yote ya ziada, na anayeacha akiwa na miaka 50 bado hujirudishia takriban miaka 6 ya maisha. Hayo yalitokana na kuwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, kazi ya yule yule Doll.

Kikohozi, na jinsi ya kumweleza daktari

Katika nyanda hizi kikohozi kina majina mengi: baridi, mafua, vumbi la Agosti, kifua kikuu. Kikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi, na kipimo cha kifua kikuu hakilipiwi. Tatizo huanza pale vimelea visipoonekana na mgonjwa akaanzishiwa dawa kwa picha ya kifua pekee, maana kivuli cha uvimbe na kivuli cha kifua kikuu vinaweza kufanana. Ndugu yangu mmoja alimeza dawa hizo kwa miezi sita akizidi kukonda, na hakuna aliyeuliza kwa nini hanenepi. Kwa hiyo, ukitibiwa kifua kikuu na baada ya miezi miwili hujapata nafuu, au ukikohoa damu, ukipungua uzito, sauti ikikwaruza kwa wiki kadhaa, au homa ya mapafu ikirudi upande ule ule, omba kwa heshima lakini bila kuyumba upewe rufaa. Kutoka mkoani huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na matibabu ya saratani huweza kukufikisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Picha ya kawaida ya kifua ikitoka safi wakati dalili zinaendelea, uliza kuhusu CT, kwa kuwa uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma ya moyo au mfupa.

Daktari atakuuliza, "Unavuta sigara?" Kijana wa vepu hujibu "Hapana, daktari," naye hajadanganya, na faili hufungwa likiwa limeandikwa kwamba havuti. Itoe ile karatasi. Sema: "Shikamoo daktari. Sigara nilivuta tano kwa siku kwa miaka minne. Vepu navuta tangu 2021, kifaa kimoja kwa wiki, nikotini asilimia tano. Nyumbani tulipikia kuni, na nimefanya kazi machimboni mwaka mmoja." Kisha usubiri aandike.